Barafu chini ya boneti: kisa cha Probox ya gesi, Tabora

Mzee wa Asali alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba, akiwa amesimama barabara ya Nzega, mbele kidogo ya Isikizya.

"Fundi, gari imekata. Imelia ti-ti-ti, ikashtuka, ikazima. Nimepiga stata mpaka betri inalia. Nina madumu kumi na mawili ya watu humu ndani."

Gari lenyewe ni Toyota Probox, injini ya 1NZ, lita moja na nusu, lililofungwa kit ya gesi ya LPG. Hii ni ileile ya kupikia nyumbani. Watu huichanganya na gesi asilia inayotoka Songo Songo na Mtwara, ile inayojazwa kwenye magari Dar es Salaam kwa mgandamizo wa baa 200. LPG ni propani na butani, inakaa kwenye tangi ikiwa kimiminika, kwa baa chache tu, na inaingia injini ikiwa hewa. Hapo katikati, pa kutoka kimiminika kuwa hewa, ndipo kisa chote hiki kilipotokea, ingawa mimi nilichukua siku nne kufika hapo.

Mzee anapeleka asali Mwanza na kurudi na mzigo mwingine. Gesi anajaza hukohuko Mwanza, kwenye ghala ambalo shemeji yake anafanya kazi. Hilo la shemeji sikulipenda tangu siku ya kwanza na nilimwambia. Pampu ya kujazia mitungi ya jikoni haikuwekwa kwa ajili ya magari, na mtu akijaza kwa kukisia anaweza kupita ile asilimia 80 ambayo tangi halipaswi kuvuka. Kimiminika kinavimba kikipata joto, na kile kipande cha juu kinachoachwa kitupu ndicho nafasi yake ya kuvimbia. Bahati nzuri tangi lake lina vali yenye boya inayofunga yenyewe kwenye 80, na inafanya kazi. Nililipima hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Gari lilivutwa na Canter mpaka gereji. Nililikataza lisiingie karibu na shimo la kufanyia kazi chini ya gari. Vijana wangu wakacheka kidogo, nikawaambia gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inashuka kama maji na kulala shimoni, inamsubiri atakayewasha sigara au kudondosha spana kwenye waya wa betri. Gari likabaki chini ya mwembe, wazi. Povu la sabuni kwenye kila maungio kutoka tangini hadi injini: hakuna tobo.

Kabla yangu lilikuwa limepita mikononi mwa mafundi wawili. Wa kwanza alichomeka skana, ile mashine ya kusoma hitilafu, akakuta msimbo P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta kidogo, akauza sensa ya oksijeni. Wa pili alisafisha injekta za petroli, vile vinyunyizio vya mafuta, na kubadili plagi. Siwacheki. Msimbo ule unasema kweli, ila hausemi mafuta gani ndiyo kidogo. Kontrol boksi ya gari, yaani kompyuta yake, haijui kwamba kuna gesi. Inaendelea kufungua injekta za petroli kwa hesabu zake, kontrol boksi ya gesi inaukatiza ule muda njiani, inauzidisha kidogo, na kufungua injekta za gesi badala yake. Gesi ikipungua, gari linadhani petroli imepungua na kuandika msimbo wa petroli. Ukiusoma kama ulivyoandikwa utabadilisha vitu vya petroli mpaka mwenye gari aishiwe.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa gari la mafuta mawili ni hili: ugonjwa uko kwenye mafuta yote mawili au moja? Nikataka kuliwasha kwa petroli. Halikuwaka. Mshale wa petroli ulikuwa umelala chini kabisa.

"Mzee, petroli iko wapi?"

"Petroli ya nini, fundi, na gari ni ya gesi?"

Nikatuma kijana na dumu, tukamimina lita tano, likawaka. Pampu ya petroli ilikuwa inaimba kama nzi ndani ya chupa. Nikalisikia hilo, nikaliandika kwenye daftari, nikaliacha. Kwa petroli marekebisho ya mafuta kwenye skana, yaani asilimia ambayo kontrol boksi inaongeza au kupunguza, yalikuwa karibu na sifuri, yanacheza kati ya kutoa 2 na kujumlisha 3. Injini safi. Nikabonyeza swichi kwenda gesi, likabadili bila kutikisika. Silensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, nzuri. Nikakanyaga, likapanda vizuri. Tukaliacha linanguruma nusu saa chini ya mwembe saa nane mchana, hakuna misi, yaani injini kurukaruka, hakuna mlio.

Gari linaloumwa njiani na kupona gerejini linamfanya fundi abuni kazi. Mimi nikabuni filta. Kit hizi zina filta mbili, moja kwenye kimiminika kabla ya regyuleta, kile kidude kinachogeuza kimiminika kuwa hewa, na nyingine kwenye hewa kabla ya injekta za gesi. Ile ya pili nilipoikata ilitoa uchafu mweusi wa mafuta mazito, unaonuka kama lami iliyooza. Nikamwonyesha mzee, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa jino lake bovu. Nikabadili zote mbili, nikalipwa, nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake alfajiri simu ililia. Barabara ya Nzega, kilomita tano tu zaidi ya jana.

Safari hii sikutuma Canter. Nilichukua bodaboda mwenyewe, na skana na spana chache kwenye mkoba, nikamkuta amekaa juu ya dumu kando ya barabara. Baridi ya asubuhi ile haikuwa ya mchezo, nyuzi 15 hivi. Nikasalimia, nikafungua boneti.

Regyuleta ilikuwa nyeupe.

Namaanisha barafu. Upande ule gesi inapoingilia ulikuwa umevikwa ukungu mgumu, kama ndani ya friji isiyofunguliwa muda mrefu, na bomba la shaba linaloingia lilikuwa na nywele nyeupe za theluji urefu wa punje ya mchele. Niligusa, kidole kikanata kidogo kabla ya kuachia. Nimefanya kazi hii Tabora miaka kumi na tisa, mji ambao watu wananunua maji ya baridi saa mbili asubuhi, na sikuwahi kuona barafu chini ya boneti.

Nyumba ya pili kutoka hapo kulikuwa na mama anauza uji. Nikaomba sufuria ya maji ya moto, nikalipia kama bei ya vikombe vinne, nikalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari ili jiko libaki kule liliko. Nikamwaga polepole juu ya regyuleta, kuzunguka, nikiepuka waya. Barafu ikapasuka na kuteleza. Kit hii ina njia ya dharura ya kuwasha kwa gesi moja kwa moja: unashikilia swichi ya gesi huku umefungua switi ya ufunguo. Likawaka mara moja. Mzee akaniangalia kama nimesoma dua.

Tukaondoka. Kilomita tatu, nne, nguvu tele. Ya tano likaanza kukohoa, ti-ti-ti, likarudi petroli na kuendelea kwa kukwama kwama. Nikasimamisha, nikafungua: nyeupe tena.

Sasa nilikuwa na kitu cha kushika. Maji ya moto yamelitibu kwa dakika tano, basi ugonjwa ni joto. Regyuleta ya LPG si bomba la kupunguza mgandamizo peke yake. Ndani yake kimiminika kinachemka na kuwa hewa, lita moja inakuwa lita 250 hivi, na kitu kinachochemka lazima kinyonye joto kutoka mahali. Ndiyo maana mtungi wa jikoni ukitumika kwa moto mkubwa muda mrefu unatoa jasho la baridi. Kwa gari kama hili, likikimbia 100 kwa saa, regyuleta inahitaji joto kuzidi nusu ya pasi ya umeme ya wati 1,000, muda wote, bila kupumzika. Joto hilo linatoka kwenye maji ya injini, yanayopitishwa kwa mipira miwili iliyoungwa kwenye njia ya hita. Mchana chini ya mwembe, injini ikiwa silensa, gesi inayotumika ni kidogo na hewa ya nje ina joto. Hata regyuleta mgonjwa anaimudu. Alfajiri, na madumu kumi na mawili nyuma, haimudu.

Nikashika mipira. Mmoja vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Wa pili baridi kabisa. Nikachomeka skana, nikamwambia mzee aendeshe kwa petroli mwendo wa 90 nikiwa nasoma joto la maji. Lilikuwa 61, likashuka 55, likashuka 49, likatulia 47.

Arobaini na saba! Injini ya namna hii inapaswa kukaa karibu na 85 hadi 90, uwe Tabora au Urusi. Kinachoishikilia hapo ni themostati, kidude cha shaba kinachofunga njia ya rejeta mpaka maji yafike nyuzi 82 hivi, ndipo kinaanza kufunguka. Tuliporudi gereji na kufungua nyumba yake, niliikuta tupu. Gasketi tu, na ndani wazi kama mdomo wa kibogoyo.

Hapa niseme kidogo, maana ndilo jambo lenyewe. Kwa mafundi wengi wa kwetu kutoa themostati ni tiba ya kwanza ya gari linalochemsha. Tunasema Afrika kuna joto, kidude hiki cha Wajapani ni cha nchi za baridi. Na kweli gari linaacha kuchemsha, mwenye gari anafurahi, mshale unalala chini. Hakuna anayeona hasara yake kwa sababu inakuja polepole. Injini baridi inapewa mafuta mengi zaidi kwa sababu kontrol boksi inadhani bado haijapata moto, oili inabeba unyevu na mabaki ya petroli isiyoungua. Kwa gari la petroli unaweza kuishi hivyo miaka. Kwa gari la gesi umeondoa kuni jikoni halafu unalaumu sufuria.

Sikukimbilia kuirudisha, maana kulikuwa na lile la mpira wa pili kuwa baridi kabisa, ambalo ukosefu wa themostati peke yake haulielezi. Maji ya nyuzi 47 yakizunguka vizuri yasingeacha regyuleta kugandisha barafu. Nikaangalia ilipofungwa: juu kabisa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, juu zaidi ya kifuniko cha rejeta. Hewa hupanda. Kila povu lililoingia kwenye maji lilikwenda kukaa mle ndani na maji yakapita kando. Aliyefunga alitafuta nafasi ya kupitisha mkono, na nafasi ilikuwa huko juu. Nikakata kipande cha bamba, nikaishusha upana wa kiganja, nikalegeza mpira wa juu huku kijana anajaza maji rejetani mpaka hewa yote ikatoka kwa kukoroma na maji yakaja mfululizo.

Halafu nikafanya jambo ambalo kijana wangu aliona ni kupoteza muda. Nikaenda barabarani na hewa ikiwa imetolewa, lakini bado bila themostati. Nilikuwa nimeunga geji kwenye bomba la gesi iliyokwisha kuwa hewa, mpira wake ukapita pembeni ya boneti, geji nikaifunga kwa utepe kwenye kioo cha mbele, upande wa nje. Silensa ilisoma baa 1.2. Mwendo wa 60, baa 1.1. Kwa 100, na mzigo, ilianza kuteremka taratibu kama mtu anayesinzia: 0.9, 0.8, 0.7, na kwenye 0.6 mlio ukaanza, likarudi petroli. Barafu haikuwepo safari hii. Kwa hiyo hewa iliyokuwa kwenye maji ndiyo iliyoleta barafu, na ubaridi wa maji ulitosha peke yake kuangusha gesi hata bila barafu. Ningerekebisha vyote kwa pamoja nisingejua, na siku hewa ikirudi ningeanza tena kubadili filta.

Kuna la tatu lililochangia, nalo ni gesi yenyewe. Propani inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri, butani inachemka karibu kabisa na sifuri. Gesi ya kupikia ya nchi za joto hutiwa butani kwa wingi, na jikoni hakuna ubaya. Lakini butani tupu kwenye nyuzi 15 haifikishi hata baa moja juu ya hewa ya nje, wakati propani kwa baridi hiyohiyo inazidi baa sita. Mchanganyiko uko katikati, na kadiri butani inavyozidi ndivyo tangi linavyosukuma kwa unyonge alfajiri. Hilo halizimi gari zima, ila linapunguza akiba. Gari lenye regyuleta ya moto halijali. Hili la mzee halikuwa na akiba ya kupunguziwa.

Themostati mpya nilipata madukani, nikaipima kwanza kabla ya kuifunga, maana vitu vya siku hizi unaweza kuuziwa boksi lenye jina kubwa na ndani bati. Sufuria, maji, kipimajoto, uzi wa kuning'iniza. Mji huu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 96 badala ya 100, lakini inatosha. Kwenye 82 ulionekana mwanya mwembamba kama ukucha, na maji yalipoanza kucheza ilikuwa imefunguka kabisa. Tukafunga, tukaweka kulanti badala ya maji ya bomba yenye kutu yaliyokuwemo, tukatoa hewa tena.

Asubuhi iliyofuata tukatoka saa kumi na mbili, mimi na mzee, madumu yakiwa nyuma. Joto la maji 86 likakaa pale kama limepigiliwa msumari. Geji kwa 100 ilisoma 1.15, na kwenye mpando ikagusa 1.1 ikarudi. Marekebisho kwenye skana, ambayo kwa gesi yalikuwa yanapita kujumlisha 25 kabla gari halijakata, sasa yalikuwa kujumlisha 4. Mipira yote miwili haishikiki. Tukafika Isikizya, mzee akamnunulia yule mama wa uji sukari kilo mbili, tukageuza.

Kisa kingeishia hapo kama treni isingepita. Tulizuiwa kwenye tambuko la reli tukiingia mjini, injini inanguruma, na skana bado iko mkononi mwangu. 92. 97. 101. 104. Feni haikuwaka. Nikazima gari, nikafungua boneti, nikagonga mota ya feni kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka ghafla kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Mzee alikuwa amesimama pembeni yangu. Akasema kwa upole kabisa, ule upole wa watu wazima unaouma:

"Si ndiyo hii hii ya mwaka juzi, mwanangu? Ilipokuwa inachemsha, ukatoa kile kidude?"

Nikanyamaza. Nilipofika gereji nikafungua daftari la mwaka juzi. Ipo, kwa mwandiko wangu: Probox nyeupe, asali, inachemsha mjini, tumetoa themostati, poa. Elfu kumi na tano.

Sikuwa nimelitambua gari, kwa sababu wakati ule halikuwa na gesi na lilikuwa na bampa nyingine. Kit ilifungwa karibu mwaka baadaye, huko alikoifunga. Aliyefunga alikuta injini inayowaka vizuri na mshale wa joto uko chini, hakujiuliza, au hakusubiri mpaka barabara kuu. Lakini mlolongo wote unaanzia kwangu. Feni ilikuwa inakufa kaboni brashi. Gari likachemsha kwenye foleni. Mimi sikugusa feni, nikatoa themostati. Injini ikawa baridi. Gesi ikafungwa juu ya injini baridi. Gesi ikawa inaanguka barabarani na gari kurudi petroli.

Na kwa nini lilizimika kabisa badala ya kuendelea tu na petroli? Hapo ndipo unapoingia ule wimbo wa nzi wa pampu. Mzee aliamini gari la gesi halihitaji petroli, akawa anaweka lita mbili za kuwashia asubuhi. Kwenye kit yake pampu ya petroli inaendelea kuzunguka hata gari likiwa kwenye gesi, na pampu hiyo hupozwa na petroli iliyoizamisha. Kwenye tangi tupu inajikaanga. Nilipoipima injini ikivutwa ilikuwa inasukuma baa 2.1, wakati injini hii inataka zaidi ya 3. Kwa lita tano za kijana wangu, bila kukanyaga sana, ilitosha. Gesi ilipoanguka ghafla kwenye 100, pampu ile ilitakiwa kulibeba gari peke yake, ikashindwa. Kwa hiyo mzee alipokuwa analalamika kwamba gari linazima, alikuwa analeta kilio cha magonjwa mawili kwa sauti moja, na kila fundi, mimi nikiwemo, alisikia moja.

Pampu tukabadili, iliyokwisha tumika lakini nzima, inasoma 3.2. Sasa anakaa na robo tangi ya petroli siku zote, na kila Jumapili anaendesha kilomita kumi kwa petroli tupu ili injekta zake zisigande kwa kukaa bila kazi. Brashi za feni zilibadilishwa na fundi wa umeme kwa muda usiozidi saa moja, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu watatu. Kazi ya mwaka juzi ilikuwa hiyo tu.

Fedha ya ufundi sikuchukua. Ya filta nilimrudishia nusu, akakataa, akaacha chupa mbili za asali ya miombo, nyeusi, ile inayokwaruza koo kidogo. Filta zilikuwa chafu kweli, hilo nalishikilia, na uchafu ule wa mafuta mazito unatoka kwenye gesi na utarudi. Nimemwandikia kwenye kadi azibadili kila kilomita 15,000. Kuhusu shemeji bado tunabishana. Nimemwambia kama hawezi kuacha kujaza pale, basi asijaze mchana wa jua kali, asikae ndani ya gari wakati wa kujaza, na vali ikikata asiilazimishe.

Usiku ule nilitoa kopo la biskuti lililoko chini ya benchi, ambamo tunatupia themostati tunazotoa, eti kwa ajili ya shaba. Tatu zilikuwa za injini ya 1NZ, na moja kati ya hizo lazima iwe yake. Nikazichemsha zote tatu kwenye sufuria ileile. Moja ilikuwa imekufa, imefunga moja kwa moja. Mbili zilifunguka kwenye 82, laini, kama zimetoka kiwandani.

Kwenye kopo kuna nyingine kumi na moja za injini tofauti. Tatu nakumbuka ni za magari yapi. Moja ni ya Noah inayobeba abiria kwenda Urambo, na mwenye nayo aliniuliza wiki iliyopita kit ya gesi inafungwa kwa bei gani.